Kuwavika akina Brontë, kaka yao akiwemo

Ukimwona Charlotte Brontë, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, jukwaani na gauni lililotanuliwa kwa matao ya chuma, ujue aliyelishona hakupewa nafasi ya kuuliza mwaka. Matao yale yalianza kuuzwa mwaka 1856. Charlotte alifariki tarehe 31 Machi 1855, na wadogo zake wote walikuwa wameshamtangulia. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyewahi kuyavaa. Walivaa magaguro, yaani sketi za ndani, moja juu ya jingine, pengine mojawapo limefumwa kwa nywele za farasi ili lisimame, na sketi ikalala juu yake kwa uzito wake wote. Mwanamke aliyevaa hivyo hatembei kama mwenye matao. Akipanda ngazi anaikamata nguo kwa mkono. Akinyeshewa, pindo linakunywa maji na kumvuta miguu mpaka afike aendako.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nalo kichwani miezi yote hii. Nashonea maleba kampuni ndogo ya maigizo hapa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Hatuna jumba letu. Tunazunguka kwenye kumbi za vijiji, makanisa na viwanda vya zamani vya sufu ambavyo mashine zimeondoka na watu wakaingia kutazama michezo. Gari moja linabeba seti, taa, maleba na baadhi ya waigizaji. Msimu huu tumepanda jukwaani na tamthilia mpya juu ya watoto wa kasisi wa kijiji cha Haworth, yaani Charlotte, wadogo zake Emily na Anne, na kaka yao Branwell, na kwa kampuni ya huku hiyo si kazi ya kawaida. Haworth haipo mbali nasi. Watazamaji wetu wamepanda kile kilima tangu utotoni, wameingia kwenye ile nyumba ya kasisi iliyofanywa makumbusho mwaka 1928, na wengine wana maoni makali kuhusu Emily kuliko kuhusu shangazi zao. Huwezi kuwaletea nguo ya uongo.

Mchezo wenyewe unafanyika karibu wote katika chumba kimoja, chumba cha kulia chakula, kuanzia Julai 1845 hadi mwisho wa Septemba 1848. Mwandishi wetu alichagua miaka hiyo kwa sababu ndiyo miaka ambayo wote wanne walikuwa wamerudi nyumbani, kila mmoja na jeraha lake la kazi. Charlotte alikuwa amesoma na kufundisha Brussels. Anne alikuwa ameacha kazi ya ualimu wa nyumbani huko Thorp Green karibu na York. Branwell, kaka yao, alifukuzwa nyumba hiyo hiyo mwezi uleule wa Julai. Emily ndiye aliyekuwa nyumbani muda mrefu zaidi, anakanda mkate jikoni huku kitabu cha Kijerumani kimesimamishwa mbele yake asome mikono ikiwa kwenye unga.

Fundi akipewa watu wanne wa nyumba moja, swali lake la kwanza ni fedha. Nani alinunua kitambaa, na nguo iliyochakaa ilikwenda kwa nani? Baba yao, Patrick Brontë, alikuwa kasisi mwenye nyumba ya kanisa lakini bila mali, mtoto wa familia maskini ya County Down huko Ireland aliyejisomea mpaka akafika Cambridge. Mama yao alifariki 1821, na dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, wakafariki 1825 baada ya kuugulia katika shule ya bweni. Shangazi yao, dada wa mama, alihama Penzance kuja kuwalea, na aliwafundisha kushona mapema sana. Vitambaa vyao vya mazoezi ya kudarizi bado vipo. Kwa hiyo nguo zao niliziwaza kama nguo za watu wanaojua kushona wenyewe: imara, zimeongezwa pindo, zimegeuzwa upande wa ndani ukawa nje pale rangi ilipopauka. Kila mshono unaoonekana na mtazamaji nimeushona kwa mkono, maana cherehani haikuwa imefika kwenye nyumba za watu. Ile ya ndani nimeipitisha kwenye mashine, kwa sababu waigizaji wanatoka jasho kila usiku na nguo lazima ihimili.

Mwili wa Charlotte ulinipa shida kubwa. Alikuwa mdogo mno, hakufika futi 5, na ukisimama mbele ya viatu vyake na nguo zake pale Haworth unadhani ni za mtoto wa shule. Mwigizaji wetu ni mrefu wa wastani. Huwezi kumkata miguu, ila unaweza kuyadanganya macho. Nilimtafutia kitambaa chenye maua makubwa kidogo kuliko yanavyostahili, kwa sababu ua kubwa humfanya aliyelivaa aonekane mdogo. Mshono wa bega nikauteremsha chini zaidi kama walivyofanya miaka ya 1840, mabega yakaonekana membamba na mikono ikashindwa kupanda juu ya kichwa. Mwigizaji alilalamika wiki nzima kwamba hawezi kufikia rafu. Baadaye akaacha kulalamika, akaanza kuitumia hali hiyo. Kila anapotaka kitu cha juu anamwomba Emily, na ombi hilo dogo limeingia kwenye mchezo bila kuandikwa na mtu.

Emily naye alikuwa mrefu kuliko dada zake. Alipokuwa Brussels mwaka 1842 alivaa magauni yenye mikono iliyovimba juu ya kiwiko wakati wenzake walishaiacha zamani, na magaguro yake yalikuwa machache hivi kwamba sketi ilimgandia miguuni. Wanafunzi walimcheka, yeye hakujali. Inasimuliwa pia kwamba siku moja walipokwenda kununua kitambaa Bradford, wenzake walichagua rangi za kutulia, yeye akachagua cheupe chenye michoro ya zambarau ya radi na umeme. Nilitafuta kitambaa hicho kwa bidii kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Sikukipata, nikakichora mwenyewe kwa brashi na rangi ya kitambaa, mstari kwa mstari, mezani kwangu usiku. Chini ya taa za jukwaa inang'aa kiasi kwamba hata akiwa kimya kwenye kona macho yanamfuata. Ndivyo inavyotakiwa. Emily anasema maneno machache sana katika mchezo.

Kuna kipimo kimoja cha Emily ambacho hakikutoka kwa fundi wa nguo. Seremala wa Haworth aliyemtengenezea jeneza mwezi Desemba 1848 aliandika urefu futi 5 na inchi 7, na upana inchi 16. Nilipoifungua futi kamba mbele ya mwigizaji wetu na kumwonyesha inchi 16 zilivyo, alizishika ncha mbili akaziweka kwenye mabega yake, hazikutosha. Mchezo wetu haufiki Desemba. Lakini kuanzia hapo alikuwa akiingia kwenye gauni lile kwa namna nyingine, na kwa onyesho la mwisho nimemtengenezea gauni la pili, kitambaa kilekile, limepanuliwa kifuani na kwapani ili limpwaye. Mtazamaji haambiwi kitu. Anaona tu kwamba nguo imekuwa kubwa.

Sasa nije kwenye jambo lililotushughulisha kweli.

Orodha ya maleba niliyopewa mwanzoni ilikuwa na kurasa kadhaa kwa ajili ya dada watatu. Kwa Branwell ilikuwa na maneno mawili: koti chafu. Nikasoma muswada. Anaingia mara mbili, mara zote amelewa, anapiga kelele, anaanguka, anaondolewa. Nilimfuata mwongozaji wakati wa chai nikamuuliza, "Koti hili lilikuwa safi lini?"

Akanitazama. Akasema, "Kwani tunamwona likiwa safi?"

"Ndiyo ninachouliza. Siwezi kuchafua koti ambalo halijawahi kuwa safi. Litaonekana ni nguo ya kuigizia tu."

Mwigizaji anayemcheza Branwell alikuwa amesimama karibu, na yeye alikuwa na malalamiko yake ya siku nyingi. Tukajikuta tumekaa watatu, baadaye mwandishi naye akaja, na mazoezi ya jioni ile hayakufanyika. Nilisema nililokuwa nalo moyoni na nalirudia hapa: nyumba ile haikuwa na waandishi watatu na mlevi mmoja. Ilikuwa na waandishi wanne. Kama hukuonyesha hilo, basi hasara ya nyumba ile hujaionyesha, umeonyesha usumbufu tu.

Tazama mambo yalivyoanza. Juni 1826 baba yao alirudi kutoka Leeds na boksi la wanajeshi 12 wa kuchezea. Zawadi ilikuwa ya Branwell, aliyekuwa hajatimiza miaka 9. Dada zake wakachagua kila mmoja wake. Charlotte akamwita wake Wellington, Branwell wake akawa Bonaparte. Kutoka kwa wanajeshi hao wa mti ukazaliwa mji wa kubuni, baadaye nchi nzima, Angria, ya Charlotte na Branwell, na nyingine, Gondal, ya Emily na Anne. Waliandika historia, magazeti, mashairi na hotuba za bunge za nchi hizo katika vitabu vidogo kama boksi la kiberiti, kwa maandishi ambayo mtu mzima anahitaji kioo cha kukuza ayasome. Charlotte na kaka yake waliandika Angria pamoja kwa miaka mingi, mmoja anaanzisha vita, mwingine anawaozesha watu. Alikuwa mwenza wake wa kalamu kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Halafu kuna ile picha iliyoko National Portrait Gallery, London. Branwell aliichora mnamo 1834 akiwa kijana wa miaka kama 17. Anne, Emily na Charlotte wamo, na katikati kuna kitu kama nguzo ya rangi ya udongo. Hapo ndipo alipokuwa amejichora mwenyewe, akajifuta. Turubai ilikunjwa ikawekwa juu ya kabati huko Ireland mpaka ilipopatikana 1914, na alama za mikunjo zinaonekana hadi leo. Rangi ya nguzo imeendelea kupauka, na umbo la kijana linajitokeza nyuma yake taratibu. Nilisimama mbele yake nikiwa nimekwenda London kutazama mikono ya magauni, nikajikuta sitazami mikono.

Mwandishi wetu hakuhitaji kusukumwa sana, nadhani alikuwa akingoja mtu aseme. Alirudi na kurasa mpya. Mimi nikashona makoti mawili.

Yote mawili yametoka kwenye kitambaa kimoja cha sufu ya buluu iliyoiva, na kwa chati moja. La kwanza ni la kijana anayejiamini: kiuno kimekamatwa, kola imesimama, bitana ya hariri ya bei nafuu ambayo anaionyesha makusudi akiketi. Branwell alikuwa mfupi, mwenye nywele nyekundu na miwani, na watu wafupi wanaojipenda huvaa koti lililowakaa sawasawa. Mwaka 1838 alifungua chumba cha kuchora picha za watu Bradford, akakifunga mwaka uliofuata. Baadaye akapata kazi ya karani wa reli, akawa msimamizi wa kituo cha Luddenden Foot, na akafukuzwa Machi 1842 hesabu zilipopungua pauni 11, shilingi 1 na peni 7. Hakuna aliyesema ameiba, ila alikuwa haangalii vitabu.

Koti la pili nimelishona likiwa jipya kama la kwanza, ndipo nikaanza kuliua. Nililoweka, nikajaza mawe mifukoni, nikalitundika na kuliacha likauke likining'inia hadi mifuko ikavutika. Viwiko nimevipitisha msasa mpaka nyuzi zikaanza kuonekana. Kwenye kola nimesugua nta ya mshumaa, mahali shingo inapogusa, kisha rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa maji. Vifungo viwili nimevikata, kimoja nimekirudisha kwa uzi usiofanana, mshono mzuri, wa mkono uliofundishwa na shangazi. Kifungo kile ni cha Anne. Yeye na mwigizaji wanalijua hilo, na kuna wakati katika mchezo Branwell anakipapasa kwa kidole gumba akiwa anaongea mambo mengine kabisa.

Moyo wa mchezo sasa ni siri. Majira ya vuli ya 1845 Charlotte aliliona daftari la mashairi ya Emily, akalisoma bila ruhusa. Emily aliwaka hasira, na ilimchukua dada yake saa nyingi kumtuliza na siku kadhaa kumshawishi kwamba mashairi yale yachapishwe. Anne akatoa yake kimyakimya. Wakatumia fedha za urithi wa shangazi, pauni 31 na shilingi 10 kwa kuanzia, kikatoka kitabu Mei 1846 chini ya majina ya kubuni ya Currer, Ellis na Acton Bell. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili. Hawakukata tamaa, wakaandika riwaya. Muswada wa kwanza wa Charlotte ulizunguka kwa wachapishaji ukiwa kwenye karatasi ileile ya kufungia, majina ya waliokataa yamepigwa mstari na jipya limeandikwa chini, kila ofisi inajionea ni nani aliyeukataa kabla yake. Kifurushi hicho tunacho mezani, na mwigizaji anakiandika jina jipya kila onyesho. Oktoba 1847 ikatoka riwaya yake nyingine, Jane Eyre. Desemba, Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne.

Na yote haya yalifanyika bila kumwambia Branwell. Yumo ndani ya nyumba, ukuta wa pili, na dada zake wana barua za wachapishaji mfukoni. Charlotte aliandika baada ya kifo cha kaka yao kwamba hakuwahi kujua kuwa wamechapisha hata mstari mmoja; hawakumwambia wasije wakamwongezea uchungu kwa muda aliopoteza na vipaji alivyovitumia vibaya. Wapo wanaosema lazima alijua, nyumba ni ndogo. Mimi namwamini Charlotte kwamba hawakumwambia, na katika mchezo wetu swali la kama alijua linabaki kwenye uso wa mwigizaji. Kila akiingia, karatasi zinaingia chini ya kazi ya kushona. Hapo ndipo cherehani yangu ilipokutana na kalamu ya mwandishi wetu: nimewashonea dada wote watatu mifuko mirefu iliyofichwa kwenye mshono wa pembeni, chini ya gaguro la juu, mifuko ya kweli ya wakati ule. Karatasi nzima inazama humo kwa sekunde moja. Watazamaji wanaona mikono mitatu ikishuka kwa pamoja, kisha sindano tatu zinapanda, naye anasimama mlangoni akiangalia dada zake wakishona. Aliyewaanzishia mchezo wa kuandika amefungiwa nje ya mchezo. Sijui tukio lingine linaloniumiza hivyo, nami nimelitazama kutoka pembeni ya jukwaa nikiwa na pini mdomoni.

Nikiwa hapo niseme kidogo juu ya lafudhi, kwa sababu kampuni za huku zinalishughulikia kwa fahari. Zamani akina Brontë waliigizwa wakiongea kama watu wa London waliopotea milimani. Mary Taylor, aliyesoma na Charlotte mwaka 1831, alimkumbuka akiongea kwa lafudhi nzito ya Ireland. Si ajabu, alilelewa na baba wa Ireland, na shangazi wa Cornwall, na Tabby, mtumishi mzaliwa wa huku. Northern Broadsides ya Halifax, kampuni iliyoanzishwa 1992 ili waigizaji wa kaskazini waigize kwa sauti zao, ilipanda jukwaani mwaka 2011 na We Are Three Sisters ya Blake Morrison, na tangu hapo sisi wadogo tuna ujasiri zaidi. Charlotte wetu ana Ireland kwenye ncha ya ulimi akikasirika. Emily ana maneno ya Tabby, kwa sababu mtu aliyeyaandika mazungumzo ya yule mtumishi mzee wa Wuthering Heights aliyasikia vizuri. Branwell anabadilika kulingana na aliye mbele yake, na hilo lilikuwa wazo la mwigizaji mwenyewe.

Usiku walikuwa na desturi ya kuizunguka meza, wakisomeana walichoandika, wakitembea na kubishana. Wanajukwaa wengi hulifanya tukio hilo kama ndoto, muziki laini, taa za buluu. Mwongozaji wetu alikataa, nami namshukuru. Kwake ni kazi ya usiku baada ya kazi ya mchana, na watu wanaofanya kazi wanakatizana, wanasahau mshumaa, mmoja anasimama ghafla na mwingine anamkanyaga pindo. Hilo la pindo lilinipa kazi. Ilibidi nishone utepe wa sufu mgumu chini ya kila sketi ili isichanike, na ndivyo walivyofanya wao pia, kwa hiyo shida yetu ilitupeleka kwenye ukweli. Charlotte alipokuwa mwalimu wa nyumbani mwaka 1839 alimwandikia Emily akilalamika kwamba amerundikiwa kushona: mapindo, kofia za kulalia, nguo za wanasesere. Mtu huyu aliujua uchovu wa vidole. Taa za buluu zinamwonea.

Julai 1848 Charlotte na Anne walitembea mpaka stesheni ya Keighley, kama maili 4, radi ikiwapigia njiani, wakapanda treni ya usiku kutoka Leeds kwenda London, ili mchapishaji wa Charlotte awaone kwa macho kwamba akina Bell ni watu tofauti. Mchapishaji wa Anne alikuwa akiwachanganya makusudi ili auze. Jioni iliyofuata wakapelekwa opera wakiwa na magauni yao ya kijijini yaliyofungwa hadi shingoni, katikati ya mabega wazi na almasi. Emily alibaki Haworth. Hatuwafuati London. Tunabaki chumbani na Emily na Branwell, wawili peke yao, na Anne na Charlotte wanaporudi tunaziona nguo zao tu, mapindo yamekauka na tope hadi magotini. Tope hilo ni unga wa udongo na gundi, nalifuta na kulipaka upya kwa kila onyesho.

Branwell alifariki Jumapili, 24 Septemba 1848, akiwa na miaka 31. Mchezo unaishia siku ya mazishi yake, na hapo tuligombana tena, kidogo. Wapo waliotaka Emily afe jukwaani, na Anne afuate kule Scarborough Mei iliyofuata, na Charlotte abaki akiizunguka meza peke yake. Nilikuwa upande wa mwandishi. Watazamaji wetu wanajua kitakachofuata, na vifo vitatu kwa dakika kumi vinageuka orodha. Tumeacha nguo nyeusi zifanye kazi hiyo. Dada watatu wanavalishana mbele ya watu, kulabu moja baada ya nyingine mgongoni, kwa sababu gauni la wakati ule hulifungi mwenyewe. Nilikataa zipu, nikakataa vifungo vya kubonyeza. Inachukua muda mrefu na ukumbi unatulia.

Koti la kwanza, lile zuri, linabaki kwenye kiti. Sikupanga mimi, mwigizaji aliliacha pale siku moja kwenye mazoezi na mwongozaji akasema liachwe.

Baada ya kila onyesho huwa nabaki mbele na nguo mbili tatu juu ya meza, watu wazishike, wageuze waone mshono wa ndani. Huuliza sana juu ya gauni la radi. Wiki iliyopita bwana mmoja, mtu mzima, alilipita gauni akasimama kwenye koti lililochakaa, akakipata kifungo chenye uzi usiofanana bila kuonyeshwa. Akaniuliza kama huyu kijana aliwahi kuchapisha chochote, au ilikuwa maneno matupu ya baa. Nikamwambia alikuwa wa kwanza miongoni mwao. Shairi lake lilitoka kwenye gazeti la Halifax Guardian Juni 1841, miaka mitano kabla ya kitabu cha dada zake, na alisaini kwa jina la Northangerland, mtu wao wa Angria. Akaniomba nimwandikie jina hilo. Nilimwandikia kwa chaki ya fundi, nyuma ya tiketi yake.